Mfalme wa Ureno alivyotoka kwa siku mbili: kisa cha Lisbon 1910, tukiwa tumekaa huku Ruvuma

Wakuu, Mtwara kuchele.

Hii kitu ilianzia kijiweni kwetu Chikongola, kwenye kahawa. Dogo mmoja wa bodaboda alikuwa anabishana na fundi simu, dogo anasema wananchi wakishachoka imeisha hiyo, hata uwe na mizinga elfu unatoka, fundi anasema acha utani, jeshi lisipotaka hatoki mtu. Wamebishana mpaka kahawa ikapoa na muuzaji akaanza kudai vikombe vyake. Mimi nikajichomeka, nikasema kuna kisa ambacho nyie wote wawili mna nusu nusu ya jibu, na si cha mbali sana, ni cha huyu jirani wetu wa zamani wa ng'ambo ya mto Ruvuma, Mreno. Wakanitazama kama nimetoka kunywa uraka. Nikaahidi nitaandika, ndiyo hii. Ni ndefu, mwenye haraka apite tu.

Usiku wa tarehe 3 Oktoba 1910 Ureno ilikuwa na mfalme. Asubuhi ya tarehe 5 ilikuwa jamhuri. Ufalme uliokuwepo tangu karne ya 12 umezimika kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Watu watakwambia ni hasira za wananchi, sawa, lakini hasira zipo kila mahali na kila siku, ukienda mnadani msimu wa korosho utazikuta za kutosha na hakuna kinachoanguka. Mimi kinachonisumbua ni kitu kingine, kwa nini siku ile karibu hakuna mtu aliyemkingia mfalme kifua.

Tuanze na hasira zenyewe zilikotoka, maana hapo pana jambo. Zilitoka Afrika. Wareno walikuwa na Angola upande ule wa magharibi na Msumbiji upande huu wetu, wakachora ramani na kupaka rangi ya waridi nchi zote za katikati, huko ambako leo ni Zambia, Zimbabwe na Malawi, kwamba ni zao, kutoka bahari mpaka bahari. Wenyeji hawakuulizwa, hilo halihitaji maelezo. Sasa Muingereza naye alikuwa na hesabu zake za kupanda kutoka kusini kwenda kaskazini, tarehe 11 Januari 1890 akampelekea Mreno onyo, ondoa askari wako maeneo yale. Mfalme Carlos wa Kwanza ndiyo kwanza ana miezi mitatu kwenye kiti, serikali yake ikanywea. Lisbon ikawaka moto. Watu waliokuwa wanataka jamhuri, ambao kabla ya hapo walikuwa kikundi tu cha wasomi wanaojadiliana wenyewe kwa wenyewe, wakapata hoja ya kumwambia mtu wa kawaida: unaona, mfalme ameuza heshima ya nchi. Wimbo uliotungwa mwaka huo huo kwa hasira hizo ndio wimbo wa taifa wa Ureno mpaka leo.

Mnaiona hiyo kejeli lakini? Raia wa Lisbon hakumkasirikia mfalme kwa kutawala Waafrika, alimkasirikia kwa kushindwa kutawala Waafrika wengi zaidi. Nalisema mapema ili mtu asije kufika mwisho akasema sikumwambia.

Mwaka uliofuata, tarehe 31 Januari 1891, jaribio la kwanza likafanyika Porto, mji wao wa pili. Wengi walioliongoza ni masajenti na askari wa vyeo vya chini, maofisa wakubwa walikaa pembeni kuangalia upepo. Walitangaza jamhuri pale manispaa na siku hiyo hiyo wakatandikwa risasi, ikaisha. Wekeni akilini hilo neno sajenti, tutarudi kwake.

Halafu pesa. Mwaka 1892 serikali ilishindwa kulipa madeni yake ya nje yote, ikawa inalipa kwa mapande. Siasa nazo zilikuwa za vyama viwili vinavyopokezana, leo unakaa wewe kesho nakaa mimi, uchaguzi unapangwa na vigogo wa vijijini wenye kura zao mfukoni. Mwananchi anapiga kura lakini matokeo yameshaandikwa. Mwaka 1906 waziri mkuu João Franco akalitaja bungeni lile ambalo watu walikuwa wanalinong'ona, kwamba nyumba ya mfalme kwa miaka imekuwa ikichukua advansi hazina, nje ya posho iliyopitishwa. Hebu fikiria katibu wa chama cha msingi anachukua advansi ya korosho ambazo bado ni maua mtini, halafu mwenyekiti anasimama kwenye mkutano mkuu anasema jamani hili deni tutalipangia utaratibu. Mkutano ungeishaje huo? Ndivyo ilivyokuwa. Franco akazidi kuharibu, mwaka 1907 akatawala bila bunge, kwa amri tu, na mfalme yuko nyuma yake. Mwisho wa Januari 1908, baada ya jaribio jingine la mapinduzi kushindwa, mfalme akasaini amri ya kuruhusu wapinzani wa kisiasa wapelekwe uhamishoni makoloni. Tena huku huku kwetu sisi ndio jela yao.

Tarehe 1 Februari 1908 familia ya mfalme ilirudi Lisbon kutoka mapumzikoni, wakavuka mto Tejo kwa boti, wakapanda gari la farasi la wazi, wazi kabisa, kwenye uwanja ule mkubwa wa ufukweni. Watu wawili, mmoja mwalimu na mmoja karani, wakafyatua risasi. Mfalme Carlos akafa pale pale, na mwanawe mkubwa Luís Filipe, mrithi wa kiti, naye akafa. Malkia Amélia alisimama ndani ya gari akiwapiga wauaji na shada la maua alilokuwa amepewa, maskini, hakuwa na kingine mkononi. Yule Luís Filipe, miezi michache nyuma, mwaka 1907, alikuwa ametembelea makoloni ya Afrika ikiwemo Msumbiji, kwa hiyo walikuwepo watu huko Lourenço Marques, Maputo ya sasa, waliomuona kwa macho akiwa mzima.

Sasa hapa mtu angedhani ndiyo mwisho wa ufalme. Hapana. Kuua mfalme hakukuleta jamhuri. Kiti kilirithiwa na mdogo mtu, Manuel wa Pili, kijana wa miaka 18 ambaye hakuandaliwa kutawala. Akamtimua Franco, akajaribu kuwa mpole kwa kila mtu, na kwa muda wa miaka miwili na nusu hivi akabadilisha serikali 6. Sita! Huo ndio ugonjwa wenyewe kwa maoni yangu, kuliko hata risasi za 1908. Wanasiasa wa mfalme walikuwa wanachinjana wenyewe kwa wenyewe kugombania uwaziri, kila anayetolewa anaondoka na kinyongo, na mtu mwenye kinyongo siku ya siku hawezi kuamka usiku kwenda kumfia bosi aliyemtosa. Kwenye uchaguzi wa Agosti 1910 watu wa jamhuri walipata viti 14 tu bunge zima, ila Lisbon waliifagia. Kwa hesabu ya nchi nzima walikuwa wachache sana. Kwa hesabu ya mji ambao mfalme analala, walikuwa wengi.

Na chini kwa chini kulikuwa na Carbonária. Hii ilikuwa jumuiya ya siri ya watu wa kawaida, mabaharia, masajenti, makarani, wauza maduka, mafundi, vikundi vidogo vidogo ambavyo mmoja hamjui wa kikundi kingine, na kazi yao kubwa ilikuwa kuingiza watu makambini. Chama chenyewe cha jamhuri kilikuwa cha madaktari na mawakili, watu wa suti na hotuba, ndio waliokubaliana kwenye mkutano wao mkuu wa Setúbal mwaka 1909 kwamba sasa ni mapinduzi basi. Lakini kukubaliana mkutanoni na kubeba bunduki saa saba usiku ni vitu viwili.

Haya, tufike kwenye siku yenyewe, hapa nitakaa kidogo maana ndipo utamu ulipo.

Jumatatu tarehe 3 Oktoba asubuhi, Miguel Bombarda, daktari wa magonjwa ya akili na mmoja wa viongozi wakuu wa mpango, alipigwa risasi hospitalini kwake na mgonjwa wake mwenyewe. Jioni akafariki. Mji ukachafuka, watu wanasema ni njama za watu wa mfalme, na serikali ikashtuka ikaweka majeshi tayari. Usiku viongozi wakakutana, wengine wanataka kuahirisha, Admirali Cândido dos Reis, aliyekuwa kamanda wa mpango mzima, akakataa katakata. Usiku huo huo mfalme Manuel alikuwa mezani anakula na mgeni wake, rais mteule wa Brazili, Hermes da Fonseca. Brazili hiyo hiyo ambayo mwaka 1889 ilimfukuza mfalme wake, tena wa ukoo ule ule wa Braganza. Yaani unakula chakula cha jioni na mtu anayekwenda kuongoza nchi iliyomtimua ndugu yako, halafu usiku huo huo na wewe unatimuliwa. Mtunzi wa tamthilia akiandika hivyo wanamwambia umezidisha chumvi.

Baada ya saa saba usiku kambi mbili za jeshi zikaasi, ya askari wa miguu na ya mizinga. Aliyeongoza uvamizi wa kambi ya kwanza ni Machado Santos. Huyu hakuwa jemadari, alikuwa ofisa wa utawala kwenye jeshi la majini, mtu wa stoo na mahesabu, mkubwa kwenye Carbonária. Wakatoka na askari, mizinga na raia wenye silaha, wakaenda kujikita kwenye mzunguko mkubwa wa barabara unaoitwa Rotunda, juu ya barabara kuu ya mji. Mabaharia nao wakaikamata kambi yao pale Alcântara, karibu kabisa na ikulu, na kwenye mto manowari mbili, Adamastor na São Rafael, zikaangukia mikononi mwa waasi.

Lakini mengi hayakwenda walivyopanga. Kambi kadhaa zilizotarajiwa kutoka hazikutoka. Habari zilikuwa zimekatika katika, kila mtu na lake. Admirali Cândido dos Reis akaambiwa mambo yameharibika, akaamini. Alfajiri ya tarehe 4 akakutwa barabarani amekufa, amejipiga risasi mwenyewe. Kamanda wa mapinduzi ambayo yangeshinda saa 24 na kitu baadaye!

Habari hiyo ikafika Rotunda. Maofisa wakakaa kikao, wakaona hakuna matumaini, wakaamua kusepa. Wakasepa kweli. Waliobaki ni Machado Santos mtu wa stoo, masajenti, askari wasiofika hata 500, na raia. Nawaomba hapo msipite haraka. Mapinduzi ya Ureno yalishindwa asubuhi ya tarehe 4 Oktoba machoni pa watu wote wenye elimu ya kijeshi. Kiongozi mkuu kajiua, maofisa wameondoka, wanasiasa wengi hawaonekani. Kwenye karatasi ilikuwa imeisha. Kilichobaki ni masajenti kama wale wa Porto miaka 19 nyuma, ila safari hii mji uko upande wao, watu wanawaletea chakula, wengine wanakuja kuomba bunduki.

Upande wa pili serikali ilikuwa na askari wengi zaidi, wamepangwa kwenye uwanja wa Rossio, kwenye mwisho wa barabara ile ile. Kwa nini hawakupanda kuwafagia? Wangetumia saa 2. Mtu mmoja tu ndiye aliyejaribu kwa moyo, Paiva Couceiro, na huyu tunamjua huku, alipigana vita vya kuikamata Msumbiji kusini mwaka 1895 na baadaye akawa gavana Angola. Alikuja na mizinga yake, akawapiga waasi kweli kweli siku ile, akaomba askari wa miguu wamsaidie kwenda kumalizia. Hakupewa wa maana. Ofisa anamwachia ofisa mwenzie, huyu anasubiri amri, yule anasubiri aone nani anashinda, na askari wenyewe wa Rossio walikuwa ni ndugu na majirani wa walioko Rotunda. Mchana manowari zikaanza kuipiga ikulu ya Necessidades makombora. Mfalme akapigiwa simu na kushauriwa aondoke, akaenda Mafra, nje ya mji. Mfalme akishaondoka mjini, yule askari aliyekuwa bado anasitasita anajiuliza, mimi namlinda nani sasa?

Tarehe 5 asubuhi ndiyo ikatokea ile ninayoipenda kuliko zote. Kaimu balozi wa Ujerumani alitaka mapigano yasimame kidogo ili raia wa kigeni waondolewe. Akatoka mjumbe na bendera nyeupe kwenda kwa waasi. Watu madirishani wakaiona bendera nyeupe inatoka upande wa jeshi la mfalme. Wakajua jeshi limesalimu amri! Kelele zikaanza, milango ikafunguka, watu wakamwagika mitaani maelfu, wakaingia katikati ya askari wa Rossio wakiwakumbatia, na askari waliokuwa wanatafuta kisingizio tangu juzi wakakipata. Makamanda hawakuwa na la kufanya, utaamuru mtu apige risasi kwenye umati ambao tayari umeshamshika mkono? Waliokuwepo Mtwara hapa kwenye vurugu za gesi za 2013 mnajua uvumi unavyokimbia kuliko pikipiki. Kule Lisbon uvumi wa uongo ukageuka kuwa kweli kwa sababu tu kila mtu aliuamini kwa wakati mmoja.

Kwenye saa 3 asubuhi José Relvas akasimama kwenye baraza la ghorofa la manispaa ya Lisbon akatangaza jamhuri. Mfalme na mama yake na bibi yake wakashuka ufukweni Ericeira, wakapanda boti ya kifalme inayoitwa Amélia, wavuvi wanawatazama, wakaishia Gibraltar, na kutoka hapo mfalme akaenda Uingereza. Manuel hakurudi tena, alifia Twickenham mwaka 1932, bila mtoto. Sehemu nyingine zote za nchi zikaletewa jamhuri kwa telegrafu. Wakulima wa mikoani walilala chini ya mfalme wakaamka wanaambiwa kuna rais, na wengi wala hawakuwa wameomba.

Kwa hiyo nikirudi kwa wale mabwana wawili wa kijiweni. Fundi simu anasema bila jeshi hakuna kitu, ni kweli, ila si kwamba jeshi lilimwangusha mfalme, sehemu kubwa ya jeshi halikufanya chochote, na kutofanya chochote ndiko kulikommaliza. Dogo wa bodaboda anasema wananchi, ni kweli, ila wananchi gani? Si Wareno wote, ni mji mmoja, na ndani ya mji huo ni wale mia kadhaa waliokataa kuondoka baada ya wakubwa wao kuondoka. Waliwapa wengine muda wa siku moja wa kusitasita. Mimi nikipewa nafasi ya kutaja kitu kimoja kilichouondoa ufalme wa Ureno, nitataja hiyo siku moja, tarehe 4, ambayo watu wa stoo na masajenti walikaa Rotunda wakati kila mwenye akili timamu alikuwa anawaambia rudini nyumbani.

Sasa tuone walilipwaje.

Serikali ya muda chini ya Teófilo Braga ilianza kwa kasi, hilo tuwape. Talaka ikaruhusiwa, dini ikatenganishwa na serikali mwaka 1911, vyeo vya ukabaila vikafutwa, pesa ikabadilishwa kuwa escudo, bendera ya buluu na nyeupe ikawa ya kijani na nyekundu. (Neno bendera lenyewe tumelichukua kwao, na meza pia, hata gereza, ambalo kwao maana yake kanisa, hapo jaza mwenyewe.) Katiba ikapita Agosti 1911 na Manuel de Arriaga akawa rais wa kwanza. Ureno ikawa jamhuri wakati Ulaya ina Ufaransa na Uswisi tu za maana kwenye kundi hilo.

Lakini kura, jamani. Chama kilichokuwa kinalilia kura ya kila mtu, kikishaingia kikaogopa. Robo tatu ya Wareno walikuwa hawajui kusoma na wengi wako vijijini wanasikiliza padri. Kwenye uchaguzi wa Mei 1911 sheria ilisema anapiga kura mwenye zaidi ya miaka 21 anayejua kusoma na kuandika, au aliye kichwa cha familia. Daktari mmoja mwanamke, Carolina Beatriz Ângelo, mjane mwenye mtoto, akaisoma hiyo sheria vizuri, akasema najua kusoma na mimi ndiye kichwa cha familia, haijaandikwa mwanaume popote. Akaenda mahakamani akashinda, akapiga kura, mwanamke wa kwanza Ureno. Alifariki mwaka huo huo wa 1911. Unadhani waheshimiwa wa jamhuri walijibu nini? Mwaka 1913 wakairekebisha sheria ikasema wanaume tu, na wanaojua kusoma tu, wale vichwa vya familia wasiojua kusoma nao wakatupwa nje. Yaani baadhi ya watu waliopeleka mkate Rotunda walipoteza kura waliyopata. Januari 1912 wafanyakazi wa Lisbon walipogoma, serikali ya jamhuri ikatangaza hali ya hatari na mamia wakakamatwa, wengine wakafungiwa kwenye meli.

Mengine napita haraka. Miaka 16, serikali 45 hivi, watu wa mfalme wakajaribu kurudi mara kadhaa wakiwa na yule yule Paiva Couceiro, mwaka 1919 wakaushika mji wa Porto karibu mwezi mzima, wakatolewa. Tarehe 28 Mei 1926 jeshi likachukua nchi, na kutoka hapo akatokea dikteta Salazar. Na yule mtu wa stoo? Usiku wa tarehe 19 Oktoba 1921 askari walikuja na lori nyumbani kwa Machado Santos, wakamchukua, wakampiga risasi mtaani. Mwanzilishi wa jamhuri, aliyebaki Rotunda wakati wengine wamesepa, kauawa na askari wa jamhuri hiyo hiyo, Lisbon hiyo hiyo.

Sasa nirudi nyumbani, maana mtu atauliza haya yote yanatuhusu nini sisi wa huku.

Mwaka 1910 ng'ambo ya Ruvuma, kuanzia baharini mpaka ziwa Nyasa, hakukuwa hata na serikali ya Lisbon moja kwa moja. Eneo lote la Cabo Delgado na Niassa lilikuwa limekodishwa kwa Kampuni ya Niassa tangu miaka ya 1890, kampuni inakusanya kodi ya kibanda, inakamata watu wa kazi, inapeleka vijana migodini Afrika Kusini. Sheria ya kazi ya mwaka 1899, ya wakati wa mfalme, ilisema mwenyeji ana wajibu wa kufanya kazi, asipofanya analazimishwa. Mfalme kaondoka, jamhuri ikaandika sheria zake mpya za kazi, na wajibu ule ule ukabaki humo ndani. Kampuni ikabaki pia mpaka 1929. Ndio maana Wamakonde waliendelea kuvuka mto kuja huku, wengine Newala, wengine mashamba ya mkonge Lindi, mpaka leo ukikaa na familia nyingi za hapa utasikia bibi katoka ng'ambo.

Na jamhuri ilipotaka kuonyesha kwamba na yenyewe ina ubavu, ilikuja kuonyeshea wapi? Hapa hapa. Aprili 1916, baada ya Ujerumani kutangaza vita, Wareno waliichukua Kionga, kile kipande cha kusini ya mdomo wa Ruvuma alichokuwa amekinyakua Mjerumani mwaka 1894. Mpaka sasa kiko Msumbiji. Oktoba mwaka huo wakavuka mto wakapanda mpaka Newala wakaishika boma, wakajisifu. Novemba Wajerumani na askari wao wakawazingira, Wareno wakatoroka usiku kurudi ng'ambo na kuacha silaha. Mwaka uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawafuata huko huko ng'ambo, Ngomano. Waliobeba mizigo ya vita hivyo vyote, pande zote mbili, mnawajua ni kina nani.

Pale kijiweni kuna mzee mmoja tunamwita babu tu, umri umekwenda, alizaliwa uwanda wa Mueda akavuka akiwa kijana baada ya Wareno kuua watu pale Mueda, Juni 1960. Alikuwa amekaa pembeni anasikiliza kimya wakati nawasimulia wale mabwana habari za Rotunda na bendera nyeupe. Nilipomaliza nikamgeukia, nikamwambia babu shikamoo tena, hebu tusaidie, babu yako wewe alikuwepo miaka hiyo, walipopata habari kule Mueda kwamba mfalme wa Mreno ametolewa, walisemaje?

Akaweka kikombe chini, akafikiri, akaniambia, "Mjukuu wangu, kwani Mreno alikuwa na mfalme?"